Kundi la mizia likikuzunguka chini ya maji

Ndugu, umeuliza kama ukimbie ukizungukwa na kundi la mizia, yaani barakuda, ukiwa umezama na mtungi wa hewa mgongoni. Hapana, tulia. Mara nyingi wanaojikusanya kwa mamia mchana ni wale wadogo, na mawindo yao huyatafuta usiku. Mzia mkubwa hupenda kutembea peke yake. Huyo hukufuata kwa udadisi tu, ingawa meno yake yanatisha. Kung'atwa ni nadra, na kwa kawaida chanzo ni kitu kinachomeremeta au samaki aliyechomwa mkuki. Kwa hiyo vua mkufu na bangili kabla ya kuzama. Usiwakimbilie, watatawanyika. Hatari halisi? Kuwashangaa hadi usahau kuangalia kina na hewa iliyobaki.