Mwanangu, kuhusu yule mwanafunzi wako wa 19 kati ya 20

Mwanangu,

Marahaba. Voisi yako nimeisikiliza mara mbili, ile ya kwanza nilikuwa jikoni nikaunguza vitunguu. Kwaiyo una mwanafunzi wa diploma kapata 19 kati ya 20 kwenye mtihani wa vitendo wodini, kumwangalia mama aliyetoka kujifungua. Kanawa mikono, kajitambulisha, kapima presha, kahesabu mapigo, chekilisti yote tiki, ila wewe ulikuwa umesimama pale na una uhakika mgonjwa mwenyewe hakumuona. Na kuna mwenzake wa 12 aliyesahau hadi kujitambulisha, lakini kabla ya kitu chochote akainua shuka aone damu. Unaniuliza umpitishe nani, maana chekilisti haina kisanduku cha "ameona".

Sasa mi mambo ya maksi siyajui. Wanafunzi wamepita mikononi mwangu miaka na miaka ila kusahihisha walisahihisha wengine. Ninachojua ni mkono kwanza, mashine baadae. Cheka tu, wewe na mdogo wako mlikuwa mnaniigiza, mnamshika mwanasesere tumbo mnasema mkono kwanza mashine baadae. Igizeni. Ndo hivohivo.

Afu swali lako limenirudisha kwa mama wa dagaa.

Unamkumbuka? Yule wa sokoni, meza ya mwisho karibu na mashine ya kusaga, kila tukienda anatufungia fungu letu afu anaongeza konzi mbili juu, baba yako akawa anasema huyu mama atafilisika kwa ajili yenu. Wewe ulikuwa unamwita mamdogo, ulidhani ni ndugu. Hukuwahi kuuliza kwanini anatuzidishia na mi sikuwahi kusema.

Ilikuwa 1993, bado unanyonya, niko zamu ya usiku leba, hospitali sitaji unaijua. Tuko wawili tu mi na mhudumu, daktari wa zamu yuko kota amelala. Huyo mama ana miaka 21, uzazi wa kwanza, kajifungua salama saa nne usiku, mtoto wa kiume kilo tatu na nusu, kondo limetoka lote nimelikagua mwenyewe kwenye karai. Baadae kidogo nampelekea chai nikamgusa mkono. Wa baridi. Siyo baridi ya usiku, baridi ya jasho, kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Na akawa anasema sista nasikia kiu, anakunywa, anasema tena sista nasikia kiu. Damu ya kutisha hamna, inachuruzika tu kidogo kidogo kama bomba lisilofungwa vizuri, shuka nimebadilisha mara moja. Nikapima, presha 110 kwa 70, mapigo 118.

Nikamtuma mhudumu kumuita daktari. Akaja, akasoma karatasi, akasema sista presha iko sawa, huyo ni uchovu wa leba, mwache alale. Hakuwa mtu mbaya yule, nasema hivo mpaka leo, alikuwa na siku ya pili hajalala. Mi nikasema "sawa daktari".

Hiyo "sawa daktari" mwanangu, nina miaka zaidi ya thelathini naitafuna haimezeki. Kwasababu mkono wangu ulishajua. Kilichokosekana ni maneno, ningemwambia nini, mkono wake wa baridi? Mwezi wa saba usiku nani hana mikono ya baridi? Nyie siku hizi mnawafundisha wagawe mapigo kwa presha ya juu, ikivuka 0.9 washtuke, na 118 kwa 110 inavuka hata moja, ningekuwa na hiyo hesabu ningemwekea mbele. Mnawafundisha kwamba mjamzito anabeba damu ya ziada nyingi kwaiyo akivuja mwili unaficha, mapigo yanatangulia kupanda, presha inakuja kuanguka mwishoni kabisa kama ukuta wa udongo ulioliwa na maji kwa chini. Sisi tuliambiwa presha ikishuka ita daktari. Kumuita mara ya pili hatukufundishwa.

Dakika arobaini nikawa nazungukazunguka na kile kikombe. Saa sita metroni akapita raundi, karatasi hakuigusa, akaweka kiganja tumboni akabonyeza, kizazi hakijakaza, laini kama unga uliozidishiwa maji, kimepanda juu ya kitovu, na damu iliyokuwa imejikusanya ndani ikatoka mabonge mpaka sakafuni. Tukapima tena, presha ya juu 70. Basi ndo tukakimbia, dripu huku na huku, ergometrini ya kukaza kizazi, kukanda, ndugu wakaamshwa watoe damu, daktari akaja kwa mbio na usiku ule alifanya kazi kweli. Asubuhi mama yuko hai. Kizazi kimetolewa. Miaka 21.

Yeye anachokumbuka ni kwamba sista alimshika mkono usiku kucha. Si uongo, nilimshika. Ndo hizo konzi mbili. Na mi nilikuwa napokea, nasema asante, twende mama.

Ulipokuwa digrii ukanisomea ile makala ya Christine Tanner ya 2006, namna nesi anavyoamua, kugundua, kutafsiri, kuchukua hatua, kutafakari, nikanyamaza ukadhani nimesinzia. Nilikuwa nahesabu. Kugundua niligundua. Kutafsiri, nusu. Hatua nilichukua moja nikaishia hapo. Kutafakari ndo nafanya toka 1993.

Kwaiyo utasema mama kaamua, apite aliyeinua shuka. Ngoja kwanza. Jicho nalo linadanganya, tena likiwa la mzoefu linadanganya kwa kujiamini. Miaka kadhaa baada ya hapo nililetewa binti wa shule, analia kila uchungu ukija, nikamuona anadeka, nikamwambia maneno ambayo sirudii hapa. Patografu yake, ile karatasi ya kuchora uchungu unavyokwenda, sijaichora, zile tulikuwa tunazijaza mwisho wa zamu kwa kukumbukakumbuka, na zikawa zinapendeza kweli. Mwenzangu wa asubuhi ndo akakaa akaweka nukta, akaona njia haifunguki toka usiku na mstari wa kuchukua hatua umeshavukwa. Mtoto alichelewa kulia. Ile karatasi Philpott na Castle waliitoa 1972 kule Rhodesia, Zimbabwe ya sasa, kwa ajili ya wakunga wa vituo vya pembeni wajue saa ya kumsafirisha mama, yaani waliichora kwa ajili ya mtu kama mimi mwenye jicho lake, na mi nikaiacha tupu kwa sababu nina jicho langu.

Na huo utafiti ulionitumia wa 2023, wa Tanzania, Kenya, Nigeria na Afrika Kusini, umenikata maini. Mfuko wa plastiki wenye mistari ya kupima damu chini ya mama, basi! Kwa macho tu walikuwa wanakamata kama nusu ya wanaovuja, kwa mfuko zaidi ya 9 kati ya 10, na wakitoa tiba zote kwa mpigo badala ya moja moja, madhara makubwa yakapungua kwa asilimia 60. Hao waliokosa nusu si wavivu, ni wakunga wenye mikono kama yangu. Sasa hapo mkono kwanza iko wapi? Bado ipo. Mfuko hautakwambia anasikia kiu. Lakini mi sikukwambia hata siku moja kwamba mashine zitupwe, nilisema baadae.

Sijui bwana. Ungeniuliza nani akae na wewe siku unajifungua ningekujibu sasa hivi, ila hujaniuliza hilo na saini ni yako. Ningekuwa mimi huyo wa 19... hapana, naacha.

Ila mrudishe kwa mama yuleyule bila karatasi, mwambie amshike mkono dakika nzima afu akueleze, na usimdokeze atafute nini. Na huyo wa 12 usimsifie mapema, we jifanye daktari uliyetoka kulala, mwambie sista presha iko sawa, afu umsikilize atasema nini. Mwache arudi kukuita mara ya pili. Hiyo ya pili ndo uisikilize.

Mama wa dagaa siku hizi miguu inamsumbua hauzi tena. Mezani amekaa mwanae, yule wa kilo tatu na nusu, ana mzani wa dijitali na haongezi hata dagaa mmoja. Nanunua kwake hivohivo.

Mama yako