Anasoma au anakariri? Maswali ya wazazi wa darasa la kwanza

Tangu shule zifunguliwe Julai, wanaoniuliza zaidi ni wazazi wa darasa la kwanza. Nimejibu haya matano.

Mwalimu, mwanangu anasoma shule ya serikali. Ukurasa wa kitabu anaumaliza bila kukwama, ila nikimwandikia neno moja la humohumo kwenye karatasi, ananitolea macho. Shuleni wanasema anajua. (Mama wa wawili, Mbagala)

Mama, umeona sawa. Ukurasa ameukariri. Darasa likijaa kupita kiasi, mwalimu husoma, watoto wanaitikia kwa pamoja, na baada ya wiki mbili wote wanautaja ukurasa huku wakiangalia dari. Simlaumu mwalimu, kumsikiliza mtoto mmoja mmoja kwenye darasa la namna hiyo ni kazi nzito mno. Wewe nyumbani unaye mmoja.

Uzuri ni kwamba Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa. Mtoto anaanza na irabu a, e, i, o, u, anaingia kwenye konsonanti, kisha anaunganisha: m na a, ma; t na o, to. Mpime hivi. Kata vikaratasi, andika silabi ma, ki, to, lu, se, halafu uvipange ovyoovyo: "kitoma", "lusema", "tokise". Kwenye kitabu chake maneno hayo hayamo, kwa hiyo hana cha kukariri wala kukisia. Akisoma "kitoma", huyo anasoma kweli. Akikwama, tazama anakwamia wapi. Wengi wanaijua m, wanaijua a, ila kuziunganisha ndiyo shughuli. Rudini hapo, dakika kumi kila jioni, na muishie hapo. Mba, ndwa, nya na ng'o zisubiri hizi nyepesi zikae kichwani.

Shule zikifungwa Desemba, ningependa aweze kusoma sentensi fupi ambayo hajawahi kuiona, kisha akueleze imesema nini. Hilo la kueleza wazazi wengi hatuliulizi. Darasa la pili kuna upimaji wa KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, na huko kukariri hakumvushi.

Wangu anageuza b na d, na 3 anaiandika imeangalia nyuma. Kazini wananiambia ana tatizo. Ana miaka sita. (Baba, Tabata)

Kwa miaka sita ni kawaida, na wengi huacha wenyewe kadiri wanavyozoea kuandika. Kikombe ukikigeuza mkono uende kulia au kushoto, kinabaki kikombe. Herufi haikubali hivyo, na mtoto ndiyo kwanza anakutana na kitu cha aina hiyo. Fundisha b peke yake kwa wiki nzima, d ifuate baadaye. Usimchape kwa hilo, nakuomba sana. Akifika darasa la tatu bado anageuza na kusoma kunamtesa, anza kwa kumpima macho na masikio.

Namlea mjukuu wangu, na mimi shule sikufika mbali. Hesabu nitamsaidiaje? (Bibi, Kigamboni)

Shikamoo bibi. Unaweza vizuri tu. Okoteni vizibo vya soda na vijiti. Kila vijiti kumi vikifika, mfungie fungu kwa uzi. Mwambie akuletee 23: mafungu mawili na vijiti vitatu. Afungue fungu mwenyewe anapotakiwa kutoa 5 kwenye 23, kwa sababu watoto wengi hupotelea hapo: hawajaona kwa macho kwamba ndani ya fungu moja la kumi kuna vijiti kumi vya mojamoja. Kisha mtume gengeni na sarafu ya mia tano, akuletee chenji na akuhesabie mbele yako. Namba za mamia za dukani watoto wanaziwahi.

Sasa Kiingereza kinaanza darasa la kwanza. Nimhamishie shule ya English medium? (Mama, Sinza)

Kwa mtaala wa 2015 Kiingereza kilianzia darasa la tatu. Mtaala ulioanza kutumika 2024 umekirudisha darasa la kwanza, ila shule za serikali kwa jumla bado zinafundisha masomo mengine kwa Kiswahili. Kuhamisha ni uamuzi wa mfuko wako. Ninachokuomba ni kimoja: wakubwa zake nyumbani wasimfundishe "ei, bii, sii" kabla hajashika a, ba, cha. Wanamchanganya. Kwa sasa Kiingereza kiwe cha mdomoni: salamu, nyimbo, majina ya vitu. Akishajua kuunganisha sauti kwa Kiswahili, ujuzi huo ataingia nao kwenye Kiingereza.

Gari la shule linampitia saa kumi na moja na nusu alfajiri, anarudi saa kumi jioni, tuisheni mpaka saa kumi na mbili. Usiku anasinzia na tonge mkononi. Nimuongezee mwalimu wa nyumbani? (Baba, Gongo la Mboto)

Hapana, baba. Mtoe na hiyo tuisheni. Michezo na sanaa vimo kwenye mtaala wenyewe wa darasa la kwanza, na mtoto aliyechoka hivyo hashiki kitu hata umlipie nani. Akitoka shule ale, acheze nje, aoge. Vikaratasi vya silabi nilivyomweleza mama wa Mbagala vinamtosha, na siku akirudi amechoka sana, mwacheni alale.