Sina ada ya rufaa, nifanyeje?

SWALI: Mimi ni mjane. Kesi yetu ya mirathi ilianzia Mahakama ya Mwanzo, nikashinda. Wiki iliyopita Mahakama ya Wilaya imeitengua hukumu ile. Nataka kwenda Mahakama Kuu Kigoma ila ada sina. Nimeambiwa niandike barua ya kuomba msamaha wa ada, nisubiri majibu ndipo nikate rufaa. – Mama, Kasulu

JIBU: Barua andika, Mama, lakini kusubiri usisubiri. Una siku 30 tangu hukumu ilipotolewa, na ombi la msamaha halizisimamishi. Ukichelewa utalazimika kuomba kuongezewa muda, na ukata peke yake mara nyingi haukubaliwi kuwa sababu.

Nauli ya Kigoma iweke kwanza. Rufaa ya kesi iliyoanzia Mahakama ya Mwanzo hufunguliwa palepale Mahakama ya Wilaya iliyotoa hukumu, nayo ndiyo hupeleka jalada Mahakama Kuu. Zipo rufaa zilizotupwa kwa kufunguliwa moja kwa moja Mahakama Kuu.

Peleka kwa pamoja hati ya rufaa, barua ya kuomba msamaha kwa Hakimu Mfawidhi (msimamizi wa mahakama hiyo), kiapo chako cha maandishi na barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa. Hii ya mtendaji ndiyo huharibu mambo: "ni mkazi wangu, hana uwezo", mhuri, basi. Haimsaidii hakimu. Iseme unapata nini kwa mwezi, unalea wangapi, shamba ekari ngapi. Kama uko TASAF, mpango wa serikali wa kusaidia kaya maskini, ambatisha nakala ya kadi. Shamba usilifiche, shemeji zako watalitaja.

Nakala yako igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Ukipewa namba ya malipo kabla hakimu hajaamua, fuatilia. Rufaa isiyolipiwa wala kusamehewa inaweza kuhesabiwa haijafunguliwa. Na ujue, msamaha ni wa ada ya mahakama tu. Ukishindwa, gharama za kesi za wapinzani wako unaweza kuamriwa kulipa.

Kuandikiwa hati bure, ulizia wasaidizi wa kisheria katika ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri.

SWALI: Je, msamaha wa ada upo pia kwa rufaa ya kutoka Mahakama Kuu Tabora kwenda Mahakama ya Rufani? – Msomaji, Nzega

JIBU: Kanuni za mahakama hiyo za 2009 zinaruhusu, na ombi lenyewe halilipiwi. Ila umaskini hautoshi: onyesha pia kwamba rufaa ina matumaini ya kushinda. Mahakama yaweza kukusamehe ada yote, kuipunguza, au kukuondolea dhamana ya gharama (fedha zinazowekwa mapema kufidia gharama za mpinzani ukishindwa), kwa sharti kwamba ukishinda ada ilipwe kutoka kwenye mali utakayopata.