Kabla hujatoka usiku na tochi ya urujuanimno

Wewe unayeanza kutembeza wageni usiku hapa Baringo, Kenya, kuwaonyesha nge wanavyong'aa chini ya urujuanimno (mwanga wa UV), anza na tochi. Nyingi za bei nafuu ni za nanomita 395, yaani urefu wa wimbi la mwanga wake. Hizo humwaga zambarau kila mahali, nge yupo, lakini mwamba nao umegeuka zambarau na mgeni anabaki kuuliza, "Yuko wapi?" Tafuta ya nanomita 365. Mwanga wake huuoni vizuri, ila nge akiwa hatua kadhaa mbele anang'aa kijani chenye ubuluu, hadi magando unayahesabu. Na kwa kuwa jicho halioni ukali wake, watu hujisahau wakamulikana usoni. Usikubali hilo hata kwa mzaha.

Mwaka wangu wa kwanza nilitembea na tochi hiyo peke yake. Nge tuliwapata, nikajiona fundi. Tukiwa tunarudi nikaangusha ufunguo, nikawasha tochi ya kawaida kuutafuta. Nyoka aina ya kifutu, mwenye sumu, alikuwa amejikunja kando ya nyayo zetu wenyewe, mahali tulipopita watu watano. Urujuanimno hukuonyesha kinachong'aa tu, na kifutu hakuonekana kabisa. Kiboko naye ni hivyo hivyo, na usiku huyo yuko nchi kavu anakula nyasi. Basi tembea na tochi nyeupe. Simama, izime, washa ya nge, tazama, kisha rudi kwenye nyeupe ndipo uinue mguu.

Ukimpata nge, angalia umbo kabla ya kuinama. Mwenye magando membamba na mkia mnene, kama wa jenasi ya Parabuthus, ndiye wa kuogopwa zaidi. Wa magando manene usimshike pia.

Kinachong'aa kimo kwenye gamba. Aliyejivua gamba punde huwa hafifu mpaka jipya likomae, na aliyekufa zamani bado anawaka. Nimewahi kuwanyamazisha wageni dakika nzima mbele ya gamba tupu! Wakikuuliza nge anafaidika nini kwa kung'aa, sema wanasayansi hawajakubaliana. Usitunge.

Usiku wa mbalamwezi kali nge hutoka wachache, kalale.

Halafu shati jeupe liache nyumbani. Sabuni ya unga huacha king'arishi kwenye nguo, kemikali inayong'aa chini ya urujuanimno, na mgeni akikumulika utawaka kuliko nge wote wa Baringo.