CMS kwa tovuti ya ushirika wa zabibu: ni nini, uchague ipi, na inakwama wapi

Mkuu, swali lako kwa ufupi: ushirika wenu wa zabibu pale Hombolo una tovuti ya kurasa 12 za HTML, fundi aliyeitengeneza hapatikani, bei ikibadilika hakuna wa kuigusa, na mmeshauriwa mhamie CMS (mfumo wa kusimamia maudhui ya tovuti bila kugusa msimbo). Unataka kujua huyo ni mdudu gani na mchague yupi.

Chukua namba ya simu iliyo chini ya kila ukurasa. Kwenye HTML imeandikwa mara 12 ndani ya mafaili 12, imechanganyika na rangi na ukubwa wa herufi. Ikibadilika, unafungua yote 12, na ukifuta alama moja kimakosa ukurasa unavurugika. CMS inavitenganisha: maneno yanakaa kwenye databesi (ghala la taarifa), sura ya tovuti inakaa kwenye themu, na katikati kuna programu, mara nyingi iliyoandikwa kwa lugha ya PHP, inayovikutanisha kila mgeni anapofungua ukurasa. Mtu wa Kondoa akigusa kiungo cha bei, kwenye CMS iitwayo WordPress seva (kompyuta inayohifadhi tovuti) inaanza na faili la index.php, inasoma wp-config.php kupata jina na paswedi ya databesi, inachota maneno kwenye jedwali la wp_posts, inayavisha themu, ndipo inamtumia. Kwa hiyo paswedi ya databesi ikibadilishwa bila wp-config.php kujua, tovuti nzima inazimika. HTML haina ugonjwa huo.

Niseme wazi: kama bei zenu hubadilika kwenye misimu miwili ya mavuno tu na hamna habari nyingine za kuweka, bakini na HTML, mlipeni kijana mara mbili kwa mwaka. CMS isiyo na wa kuihudumia ndiyo inayovamiwa. Ila kama katibu ataweka bei, matangazo ya mikutano na picha kila wiki, hameni.

Zinazotajwa sana ni tatu. Drupal ya mwaka 2001 ni imara, lakini inataka mtu anayejua kazi hiyo awepo muda wote, iacheni. Joomla ilianza 2005, na jina lake limetokana na neno letu hili hili "jumla". Ina mpangilio mzuri wa ngazi za watumiaji, ila inawachanganya wageni: unaandika makala, unahifadhi, halafu huioni popote mpaka uitengenezee kiungo kwenye menyu. WordPress ya 2003 ndiyo ningewashauri, kwa sababu moja tu: huyu fundi akiondoka, kumpata mwingine anayeijua hapa Dodoma si kazi. Angalieni, wordpress.com ni huduma wanayokuwekea wao kwenye seva zao, wordpress.org ndiko unakopakua programu bure ukaiweke kwenye hostingi yako (nafasi unayokodi kwenye seva). Ninayozungumzia ni hii ya pili.

Kabla ya yote, domeini (anwani ya tovuti) isajiliwe kwa jina la ushirika na barua pepe ya ushirika. Si ya fundi, wala si ya mwenyekiti wa sasa.

Usanikishaji: kwenye cPanel (ukurasa wa kusimamia hostingi) tengeneza databesi, tengeneza mtumiaji wake, kisha muunganishe huyo mtumiaji na hiyo databesi ukimpa haki zote. Hatua hii ya tatu ndiyo watu huiruka, halafu wanalalamika databesi haiunganiki. Ukifungua zipu ya WordPress inatoa folda iitwayo wordpress; hamisha kilichomo ndani kwenda public_html (folda ya tovuti kwenye hostingi), usihamishe folda yenyewe, la sivyo anwani yenu itakuwa na /wordpress mwishoni. Jina la kuingilia lisiwe admin, maana ndilo programu za wavamizi hujaribu kwanza.

Ndani ya mipangilio kuna vitu viwili vya kukagua siku hiyo hiyo. Cha kwanza ni saa. WordPress huanza na saa za UTC (saa ya kimataifa, iko nyuma ya yetu kwa saa tatu), kwa hiyo tangazo ulilolipanga litoke saa 2 asubuhi litatoka saa 5. Chagua Dar es Salaam kwenye orodha, Dodoma haimo. Cha pili ni kile kisanduku cha kuziomba injini za utafutaji zisiiorodheshe tovuti. Mafundi hukiweka alama wakati wa ujenzi na kukisahau, ushirika unabaki kushangaa kwa nini Google haiwaoni.

Katibu mpeni ngazi ya Mhariri, si Msimamizi. Mhariri anaandika na kufuta chochote lakini hawezi kusanikisha plagini (programu ndogo za nyongeza) wala kubadili themu, na huko ndiko tovuti nyingi huharibikia. Mfundisheni pia tofauti ya ukurasa na chapisho: bei na mawasiliano ni kurasa, hazina tarehe, habari ya mavuno ni chapisho, linasukumwa chini na jipya.

Picha ndizo zitakazowatesa. Picha ya simu ina MB 4 hadi 6, wakati PHP isiporekebishwa inapokea faili la MB 2 tu. Watu hukimbilia kuongeza kikomo. Punguzeni picha badala yake, upana wa pikseli 1600 unatosha kabisa na inaweza kushuka chini ya KB 300. Mgeni anafungua kwa bando lake. Halafu kila picha unayopandisha, WordPress hutengeneza nakala zake za ukubwa tofauti (150, 300, 768, 1024 na kuendelea), hivyo picha 200 za mkutano mkuu zinakuwa mafaili zaidi ya elfu moja, na hostingi za bei ndogo huhesabu pia idadi ya mafaili.

Plagini ziwe chache, na themu ya kulipia iliyovunjwa ikagawiwa bure WhatsApp msiiguse. Mara nyingi imepandikizwa mlango wa nyuma (njia ya siri ya mvamizi kuingilia), na dalili yake huonekana Google kwanza: chini ya jina lenu zinatokea kurasa za kamari.

Plagini ikiangusha tovuti baada ya kusasishwa na hata dashibodi haifunguki, ingia kwenye mafaili ya hostingi, nenda wp-content/plugins, badilisha jina la folda yake. WordPress ikiikosa inaizima, tovuti inarudi. Tangu toleo la 5.2 mfumo wenyewe hutuma barua pepe yenye kiungo cha kuingilia kwa dharura, lakini huenda kwa barua pepe ya msimamizi. Kama bado ni ya fundi, mtaisubiri sana.

Bakapu ina nusu mbili. Folda ya wp-content pamoja na wp-config.php ni nusu moja, faili la .sql la databesi ni nusu ya pili. Anayenakili public_html peke yake ataokoa picha zote bila neno hata moja. Na zisikae kwenye seva ile ile.

Kuhamisha zile kurasa 12: nakili maneno, yapitishe kwanza kwenye Notepad yavue mitindo ya zamani, ndipo uyabandike. Baada ya kumaliza, ondoa index.html ya zamani kwenye public_html, maana seva nyingi huitanguliza mbele ya index.php na mtaendelea kuona tovuti ile ile mkidhani kazi imefeli. Ili viungo vya zamani ambavyo wanunuzi wameshavihifadhi viwapeleke kwenye kurasa mpya, ongeza kwenye .htaccess (faili la maagizo kwa seva), juu ya mistari ya WordPress, mstari mmoja kwa kila ukurasa, mfano:

Redirect 301 /bei.html /bei/