Gemu za Windows kwenye Mac: ucheze sasa au usubiri toleo lake?

Mwanza ya sasa ina watu wengi wenye Mac kuliko zamani. Wahariri wa video za harusi, wapiga picha, watu wa ofisini, wanafunzi wa chuo kikuu kule Malimbe waliobahatika kupata mashine ya mtumba yenye hali nzuri. Mchana mashine inaingiza hela, jioni mwenyewe anataka kucheza, na hapo ndipo anagundua kwamba gemu aliyoizoea kwa rafiki yake mwenye Windows haipo. Swali linalofuata huwa lilelile: nisubiri watoe ya Mac, au kuna njia?

Mimi nahariri video kwa MacBook Air ya M1, na gemu nachezea humohumo. Jibu langu ni hili: gemu ya kucheza peke yako usiisubiri, icheze sasa. Gemu ya mtandaoni ya kushindana na watu, nayo usiisubiri, kwa sababu nyingine kabisa ambayo nitaieleza.

Kwanza jua una Mac gani. Bonyeza nembo ya tofaa kushoto juu, fungua mstari wa kwanza kabisa, usome jina la prosesa. Ukikuta Intel, kuna Boot Camp, ambayo inakuwezesha kuweka Windows 10 kwenye sehemu yake ya diski na kuiwasha kama kompyuta nyingine yoyote. Haina ujanja mwingi, ila ujue Microsoft walisitisha masasisho ya kawaida ya Windows 10 Oktoba 2025. Ukikuta M1 au zaidi, yaani Mac zilizoanza kutoka mwishoni mwa 2020, Boot Camp hakuna. Yote ninayosema kuanzia hapa ni ya kwako.

Kwenye mashine hizi gemu ya Windows inachezwa kwa kutafsiriwa papo hapo, na tafsiri zenyewe ni tatu kwa pamoja. Wine, mradi ulioanza mwaka 1993, unachukua maombi ambayo gemu inayatuma kwa Windows na kuyageuza yaeleweke kwa Mac. Rosetta 2 inageuza maagizo ya prosesa za aina ya Intel kuwa ya prosesa za Apple. Halafu kuna upande wa picha. Gemu ya Windows inachora kwa Direct3D, Mac inachora kwa Metal, na Apple wenyewe walitoa mwaka 2023 zana inayogeuza ya kwanza kuwa ya pili. Zana hiyo iliwalenga watengenezaji wa gemu wapime kazi zao kabla ya kuzihamisha, lakini haikuchukua muda ikaingizwa kwenye CrossOver, programu ambayo mtu wa kawaida anaweza kuiweka na kuitumia bila kuandika amri hata moja. Kila tafsiri inakula nguvu kidogo, ndiyo maana gemu haiwezi kwenda kasi ile ambayo mashine ingeweza kama ingeandikiwa yenyewe. Lakini inakwenda.

Sasa suala la kusubiri. Sisi wa huku tunalijua vizuri. Daraja la Kigongo–Busisi lilianza kujengwa 2020, likafunguliwa Juni 2025. Miaka yote hiyo hakuna mtu wa Sengerema aliyeahirisha shughuli zake za mjini mpaka daraja likamilike. Watu walipanda kivuko, wakapanga foleni, wakafika. Cyberpunk 2077 ilitoka kwenye Windows Desemba 2020, na toleo la Mac likaja Julai 2025. Muda ni karibu uleule. Na hiyo ni gemu kubwa, ya kampuni yenye uwezo. No Man's Sky ilitoka 2016, Mac wakaipata 2023. Elden Ring ya 2022 haijawahi kupewa toleo la Mac, na kupitia CrossOver inachezeka vizuri ukicheza peke yako.

Zipo zilizowahi, sikatai. Baldur's Gate 3 ilichelewa wiki chache tu mwaka 2023. Assassin's Creed Shadows ilitoka siku moja kwa Windows na Mac, Machi 2025. Football Manager ina toleo la Mac siku zote, na ukiinunua Steam, duka la gemu la mtandaoni, unapata matoleo yote mawili kwa bei moja. Kama wewe ni mtu wa Football Manager, acha kusoma, nenda kacheze.

Ila mtu akikuambia "subiri, lazima watatoa", muulize anatoa wapi hiyo lazima. Kwenye takwimu ambazo Steam huzitoa kila mwezi, Mac huwa takribani asilimia 2 ya watumiaji. Mwenye kampuni anaangalia namba hiyo, anaangalia gharama ya kuandika upya sehemu yote ya picha kwa Metal, anaamua. Valve, wenye Steam, walipotoa Counter-Strike 2 mwaka 2023 waliiacha Mac, na walisema sababu bila kuficha: wachezaji wa Mac, hata ukiwajumlisha na wenye kompyuta za zamani sana, hawakufika asilimia 1.

Kuna jambo ambalo wanaosifia toleo la Mac lenyewe hulisahau. Toleo la Mac nalo linakufa. GTA San Andreas, ambayo karibu kila kijana wa mjini hapa ameicheza, iliwahi kuwa na toleo lake la Mac. Mwaka 2019 Apple walitoa Catalina, wakaondoa uwezo wa kuendesha programu za biti 32, na gemu nyingi za Mac zilizonunuliwa kwa hela halali zikaacha kufunguka. Rocket League waliiondolea Mac msaada mwaka 2020. Ile San Andreas ya Windows, ya mwaka 2005, hadi leo inafunguka ndani ya CrossOver. Mimi hilo linanigusa, maana mtu anaponunua gemu kwa hela ya jasho anastahili kuendelea kuwa nayo.

Basi unafanyaje? CrossOver inauzwa takribani dola 74, lakini inakupa siku 14 za kujaribu bure, na huwa wanapunguza bei sana mwishoni mwa Novemba. Usiinunue kabla hujazitumia zile siku 14. Na usizianze kabla gemu yako haijawa tayari mkononi, kwa sababu kwa bando zetu kushusha GB 100 peke yake kunaweza kumaliza nusu ya muda wako wa majaribio.

Hapo kwenye kushusha ndipo wengi wa hapa wanapoumia, kwa hiyo naomba nieleze taratibu. Kama una rafiki mwenye Windows aliye na gemu hiyo Steam, huna haja ya kuishusha yote upya. Chukua diski ya nje, iwe imefomatiwa kwa exFAT, muundo ambao Windows na Mac zote zinausoma na kuuandika, kwa sababu NTFS ya Windows Mac inaisoma tu, haiiandiki. Kwenye kompyuta ya rafiki yako fungua folda ya Steam, ingia steamapps, kisha common, nakili folda nzima ya gemu. Kwako, weka Steam ya Windows ndani ya CrossOver, ingia kwa akaunti yako iliyonunua gemu hiyo, halafu bandika ile folda mahali palepale, steamapps kisha common. Ukibonyeza kuiweka gemu, Steam itayakuta mafaili, itayakagua moja baada ya jingine, na itashusha yale tu yanayokosekana. Baldur's Gate 3 inataka nafasi ya GB 150. Fikiria tofauti kati ya kulipia bando la GB 150 na kutembea na diski kutoka Nyegezi hadi Kirumba.

Nasisitiza akaunti yako iliyonunua. Najua gemu za kukraki zinagawiwa kwenye flashi kila kona, na najua bei za Steam zinavyouma ukizigeuza shilingi. Lakini ile ya kukraki ikikataa kufunguka kwenye Mac huna pa kwenda. Steam wanarudisha hela ukiomba ndani ya siku 14 tangu ununue, mradi hujacheza zaidi ya saa 2. Hiyo ndiyo kinga yako kubwa katika shughuli nzima hii: nunua, jaribu, ikikataa omba hela yako. Faida ya pili ni kwamba mara nyingi toleo la Mac likija baadaye, uliyenunua Steam unalikuta kwenye akaunti yako bila kulipa tena. Walionunua Cyberpunk 2077 ya Windows pale Steam walilipata hivyo. Ukinunua kwenye duka la Apple umenunua ya Apple tu.

Gemu ikifunguka mara ya kwanza itakwamakwama. Unageuka kulia, picha inaganda nusu sekunde, unapiga hatua, inaganda tena. Usiifunge na kuilaani. Mashine inatengeneza kwa mara ya kwanza vipande vidogo vya programu vinavyochora mwanga, vivuli na moshi, na inavihifadhi. Zunguka eneo lilelile dakika kumi hivi, utaona inalainika yenyewe. Ikiendelea vilevile, kwenye mipangilio ya CrossOver kuna sehemu ya kuchagua njia ya picha: jaribu D3DMetal, yaani ile zana ya Apple, ikigoma jaribu DXMT au DXVK. Washa na MSync, kitufe kingine humohumo cha kuongeza kasi. Gemu nyingi zinazokataa kwa njia moja zinakubali kwa nyingine.

Halafu joto. MacBook Air haina feni. Ukicheza mchana wa jua kali huku madirisha yanaelekea ziwani na upepo umetulia, ile sehemu ya chuma juu ya vitufe, karibu na kioo, inakuwa ya moto wa kukufanya uondoe kidole, na baada ya muda mashine inajipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Dawa yake ni kupunguza kazi. Kioo cha Air ya M1 kina pikseli 2560 kwa 1600. Gemu iwekee 1280 kwa 800, yaani robo ya kazi, na funga picha zisizidi 30 kwa sekunde. Zima vivuli vikali. Inua mashine kwa vitabu viwili ili hewa ipite chini, usiiweke juu ya mto wala kitandani. Mwenye Pro yenye feni ana nafuu kubwa hapa. Mwenye GB 8 za kumbukumbu afunge kila kitu kingine, hasa kivinjari, na asihangaike na gemu kama Cyberpunk, ambayo hata toleo lake la Mac lenyewe linataka GB 16.

Njia nyingine nazigusa tu. Whisky ilikuwa ya bure na nzuri, lakini mwenyewe aliacha kuiendeleza mwaka 2025, kwa hiyo video za YouTube zinazokuelekeza huko zimepitwa. Parallels inaendesha Windows 11 nzima ndani ya Mac, inafaa kwa programu za kazi na gemu nyepesi, ila gemu zinazodai DirectX 12, yaani kizazi kipya cha ile Direct3D, haiziwezi. Kucheza kwa seva za mbali kwa intaneti, kwa kasi na bei ya data tuliyonayo huku, simshauri mtu.

Sasa zile za mtandaoni. Mdogo wangu mmoja anayesoma Malimbe aliniletea Mac yake, uso umejaa matumaini.

"Kaka, na FC itakubali?"

"Hapana, mdogo wangu."

"Hata nikicheza mwenyewe tu, bila mtandao?"

Hata hivyo. FC ndiyo gemu ya mpira iliyokuwa ikiitwa FIFA, na tangu FIFA 23, matoleo yake ya kompyuta yanakuja na programu ya kuzuia udanganyifu inayotaka kuingia kwenye kiini cha Windows, na ndani ya Mac hakuna kiini cha Windows cha kuingia. Isipowaka hiyo, gemu haifunguki. Valorant ni hivyohivyo. GTA V sehemu ya hadithi inachezeka, lakini ya mtandaoni iliwekewa kinga ya namna hiyo mwaka 2024. Hapa hakuna mpangilio wa kubadilisha wala fundi wa kumlipa, na yeyote anayekuahidi kwamba atakuwekea FC kwenye Mac ya M1 anataka hela yako. Kama moyo wako uko kwenye FC, weka akiba ununue PlayStation ya mtumba, au endelea na mabanda ya mtaani ambako utapata na wapinzani wa kweli. Yule dogo alibaki na Mac yake kwa masomo na Football Manager, na wikiendi anaenda bandani Nyegezi.

Jambo la mwisho ni la masasisho. Apple walitangaza Juni 2025 kwamba Rosetta 2 kamili itaendelea mpaka macOS 27, na baada ya hapo watabakiza sehemu yake kwa ajili ya gemu za zamani zisizoendelezwa tena. CrossOver inaitegemea Rosetta. Kwa hiyo toleo jipya la macOS likitoka usikimbilie kusasisha usiku uleule. Subiri CrossOver watoe toleo linaloendana nalo, soma wenzako wanasemaje kuhusu gemu yako, ndipo ubonyeze. Na kama unakwenda dukani leo kununua Mac, na gemu ni sehemu ya sababu, chukua ya GB 16 hata kama ni ya mtumba, kabla hujafikiria rangi wala ukubwa wa kioo, kwa sababu kumbukumbu ya mashine hizi haiongezwi baadaye.