Leverkusen ilifungwa mara moja tu

Ndugu, umeuliza kama Bayer Leverkusen ilimaliza msimu wa 2023/24 bila kufungwa kabisa. Katika Bundesliga, ligi kuu ya Ujerumani, ndiyo: ilishinda mechi 28, ikatoka sare 6 na kutwaa ubingwa wake wa kwanza kwa pointi 90. Katika Ligi ya Europa roho zilikuwa mkononi, kwani kwenye marudiano ya nusu fainali dhidi ya Roma, Josip Stanišić wa Leverkusen alisawazisha dakika ya 97, kipenga cha mwisho kikisubiriwa. Fainali ya Dublin ndiyo iliyouma: Atalanta ilishinda 3-0, mabao yote ya Ademola Lookman. Siku tatu baadaye, shuti kali la mbali la Granit Xhaka liliizamisha Kaiserslautern 1-0, na Leverkusen, ikiwa na wachezaji kumi, ikabeba Kombe la Ujerumani.